Kurudi au Kubaki: Njia ya Mhitimu wa Uzamivu wa Kigeni kuelekea Ukaazi wa Kudumu nchini Marekani, 1952–2022

Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952 ilimpokea mwanafunzi wa kigeni nchini Marekani kwa sharti kwamba awe na makazi kwao ambayo hakusudii kuyaacha. Mwaka 1956 Bunge liliongeza sharti zito zaidi kwa waliokuja chini ya mipango ya kubadilishana wasomi: wakae kwanza miaka miwili nje ya Marekani ndipo waombe ukaazi. Huo ulikuwa wakati wa Vita Baridi, na elimu ilikuwa chombo cha diplomasia. Msomi aliyebaki alihesabiwa kuwa hasara kwa pande zote mbili. Wanafunzi wa Afrika Mashariki, hasa wa Kenya, waliosafirishwa kwa ndege kuanzia mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya, walikwenda kwa matarajio hayohayo ya kurudi kujenga nchi zilizokuwa mbioni kupata uhuru.

Sheria ya 1965 ilifuta mgawo uliofuata mataifa ya asili na kuwapa wanataaluma na wanasayansi daraja lao la upendeleo. Hata hivyo, mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1990. Nafasi za ukaazi kwa misingi ya ajira zilipandishwa hadi 140,000 kwa mwaka. Watafiti mashuhuri waliwekwa katika daraja la kwanza, na wenye shahada za juu katika la pili. Hawa wa pili waliweza hata kusamehewa sharti la kuwa na mwajiri, iwapo kazi yao ina manufaa kwa taifa. Mwenye viza ya H-1B naye aliruhusiwa kukusudia kubaki bila kuipoteza viza hiyo.

Kasoro ilikuwa katika hesabu. Wake, waume na watoto wa waombaji huhesabiwa ndani ya nafasi hizohizo, na wazaliwa wa nchi moja hawapewi, kwa kawaida, zaidi ya asilimia 7. Kwa hiyo wahitimu wawili wa maabara moja, wenye shahada moja, hutenganishwa na mahali walipozaliwa: aliyezaliwa India husubiri miaka mingi katika foleni ambayo mzaliwa wa Tanzania haijui. Ni vigumu kuuita utaratibu huo upimaji wa vipaji.

Majaribio ya kuwaondoa wenye uzamivu katika ukomo huo yalikwama. Muswada wa 2013 ulipita katika Seneti kwa kura 68 dhidi ya 32, lakini haukujadiliwa katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2022 Baraza hilo lilipitisha kifungu kama hicho kwa wahitimu wa sayansi na teknolojia. Kiliachwa nje ya sheria iliyosainiwa. Nafuu iliyopatikana ilitoka kwenye uamuzi wa rufaa za kiutawala wa Desemba 2016, katika shauri la Dhanasar, mtafiti wa uhandisi, uliolegeza vigezo vya manufaa kwa taifa. Sharti la mwaka 1952, kwa upande wake, bado linatumika: anayeomba viza ya kwenda kusomea uzamivu hutakiwa kumridhisha ofisa wa ubalozi kwamba atarudi kwao.