Seva ya muziki nyumbani: Namna ya kuchagua kompyuta ndogo na kuiboresha

Anayelipia huduma ya kusikiliza muziki kupitia intaneti hupata mamilioni ya nyimbo, lakini hamiliki hata wimbo mmoja. Malipo yakikoma, muziki nao hukoma. Ndiyo maana wapo wanaoamua kuwa na seva nyumbani, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya sauti na kuyasambaza katika spika za vyumba vyote.

Funzo la Squeezebox

Mwaka 2001, kampuni ya Marekani ya Slim Devices ilitoa SLIMP3, kifaa kilichocheza muziki uliohifadhiwa kwenye kompyuta. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, na mwaka 2012 ikasitisha vifaa vya aina hiyo, vilivyojulikana kama Squeezebox. Huduma yake ya intaneti ilifungwa mwaka 2024. Hata hivyo, programu ya seva ilikuwa huria, hivyo watumiaji wake waliendelea kuitunza, na sasa inaitwa Lyrion Music Server. Vifaa vya zamani vingali vinafanya kazi, mradi nyumbani ipo kompyuta ya kuiendesha programu hiyo.

Kompyuta ipi?

Kazi hii haihitaji nguvu nyingi. Raspberry Pi 4, iliyotolewa nchini Uingereza Juni 2019, inatosha. Katika matoleo yaliyoitangulia, diski ya nje na kebo ya mtandao zilitumia njia moja, na kunakili mafaili kulichukua muda mrefu. Pi 4 ilizitenganisha njia hizo na kuongeza USB 3. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina kasi zaidi, ila haina tundu la kuchomekea spika za masikioni.

Kuhusu nafasi, muziki wa ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 635 kwa saa. Mfumo wa FLAC huupunguza ukubwa huo hadi karibu nusu bila kuathiri sauti. Diski ya terabaiti moja, kwa hiyo, hubeba zaidi ya saa 2,000 za muziki.

Marekebisho muhimu

La kwanza ni joto. Pi 4 hujipunguzia kasi inapofikia nyuzi joto 80 za Selsiasi. Kasha la alumini linalogusa kichakato huondoa joto bila feni, na chumba hubaki kimya.

La pili ni umeme. Bandari zote za USB za Pi 4 kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu, hivyo diski kubwa ihitajiwe chaja yake.

La tatu ni kadi ya kumbukumbu, ambayo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Ni salama zaidi kuweka mfumo mzima kwenye diski ya SSD.

La nne ni sauti. Iwapo kompyuta yenyewe itaunganishwa na amplifaya, kibao cha kugeuza sauti ya kidijitali, kinachopachikwa juu ya pini zake 40, hutoa sauti safi kuliko tundu lake la kawaida.

Mwisho, seva si nakala rudufu. Diski moja ikiharibika, mkusanyiko wa miaka mingi hupotea. Diski ya pili, inayohifadhiwa mbali na ya kwanza, ndiyo kinga ya kweli.