Nyati wa Kamiti: Mzungu Alipiga Risasi, Kazi Ilifanywa na Wasee Wetu

Kuna picha umeiona mara mia kwa simu yako. Nyati amelala, kichwa kimeinuliwa kidogo na jiwe, damu imepanguswa, ulimi umerudishwa mdomoni. Nyuma yake kuna mtu amepiga goti, bunduki imeegemea pembe, tabasamu limefika masikioni. Siku hizi picha hizo zinatoka Tanzania, Zimbabwe na Afrika Kusini, kwa sababu huku kwetu uwindaji ulifungwa 1977. Chini yake watu hubishana: huyu anatukana, yule anasema "lakini jamaa ni ngumu". Mimi naangalia ukingo wa picha. Pale huwa kuna mkono wa mtu mweusi, shati la kijani, nusu yake imekatwa.

Huyo nusu-mtu ndiye story yangu leo. Na usidhani ni story ya mbali. Ukitoka hapa Ziwani, ushuke Ngara, udandie mathree ya Thika Road mpaka Kahawa West, umefika karibu na mahali ambapo picha kama hizo zilipata umaarufu wa dunia nzima. Mto Kamiti. Ndio, Kamiti hiyo hiyo unayoijua kwa sababu ya jela, pale Dedan Kimathi alinyongwa Februari 1957. Kabla ya jela palikuwa na shamba la mlowezi anaitwa Heatley, ekari 20,000 hivi, na ndani yake kulikuwa na kinamasi cha mafunjo kilichojaa nyati.

Mwaka 1909 akaja mgeni. Theodore Roosevelt alikuwa ametoka kwa urais wa Marekani mwezi Machi. Aprili ameshashuka Mombasa na mwanawe Kermit, na mzigo ambao hata leo ungejaza lori: tani nne za chumvi ya kuhifadhi ngozi, maktaba ndogo ya vitabu, na jina la taasisi ya Smithsonian ya Washington ili kazi yote iitwe sayansi. Safari ilipangwa na kampuni ya Newland & Tarlton, hapa Nairobi. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200. Walipomaliza, baba na mwana walikuwa wamepiga wanyama 512 kwa mikono yao wenyewe, baba 296, mwana 216. Ukiongeza panya, ndege na kila kitu kilichokusanywa na wataalamu wao, msafara ulirudi na zaidi ya wanyama 11,000.

Kamiti ndipo Roosevelt alipata nyati. Sura nzima ya kitabu chake inahusu uwindaji huo, na ukiisoma unaelewa kwa nini nyati alikuwa dili kubwa. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umefagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na nyati wakaenda nao. Jamii za wafugaji zilibaki na njaa, Wamaasai hasa. Nyati waliobaki walijifunza kujificha mchana ndani ya mafunjo na kutoka usiku kula. Kumpata ilikuwa kazi. Na ukishampiga vibaya, hapo ndipo kazi inaanza, maana nyati aliyejeruhiwa haendi mbali. Anaingia kichakani, anazunguka, anasimama kando ya njia yake mwenyewe akikungoja. Dume linafika kilo 700 na zaidi. Pembe zake zimeungana katikati ya kipaji kama helmeti ya bodaboda, tena ya mfupa.

(Tukiwa hapo: huyu si nyati-maji wa India, yule wa kulima mashamba ya mpunga. Wetu hajawahi kulimia mtu yeyote.)

Sasa hapa ndipo inakuwa tamu kwetu sisi wa kizazi cha simu. Roosevelt alikuwa content creator. Sifanyi mzaha. Jarida la Scribner's la New York lilimlipa dola 50,000 kwa makala 12 za safari hiyo. Makala zikawa kitabu 1910. Mwingereza Cherry Kearton akampiga filamu huku huku Kenya. Na kabla filamu ya kweli kutoka, kampuni moja ya Chicago, Selig, ilishatengeneza ya uongo: wakachukua mtu anayefanana na Roosevelt, wakamwekea simba mzee ndani ya studio, wakampiga risasi kweli, wakauza kama uwindaji wa Afrika. Watu wakajaa. Feki ilivuma kuliko orijino, mwaka 1909. Kwa hivyo ukisikia mtu analia ati intaneti imeleta uongo, mwambie atulie.

Tuongee pesa kidogo, kwa sababu pesa huonyesha nani ni nani. Leseni kamili ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50, yaani rupia 750 za wakati huo. Mpagazi alilipwa kama rupia 10 kwa mwezi. Piga hesabu: miezi 75. Mpagazi angefanya kazi zaidi ya miaka sita bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba ya serikali, ndiyo apate ruhusa ya kupiga nyati ambaye babu yake alimpiga bure. Mzigo wake kichwani ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27. Ngozi mbichi ya nyati ilipochinjwa haikutembea yenyewe mpaka kwenye reli.

Na hawa wapagazi ndio unaishi karibu nao kila siku bila kujua. Vuka barabara kutoka Ziwani uingie Kariokor, pale kwa viatu vya ngozi na nyama choma. Jina linatoka kwa Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita ilipoanza 1914, serikali ilihitaji watu wa kubeba risasi na unga hadi Tanganyika. Nchi ilikuwa tayari imezoea wazo kwamba mwili wa Mwafrika ni gari la mizigo, na safari za uwindaji ni moja ya mahali wazo hilo lilipikwa. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na magonjwa na njaa, sio risasi. Kwenye Kenyatta Avenue kuna sanamu yao, mpagazi mmoja kati ya watu watatu, na maandishi yanayoahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako, wanao watakumbuka jina lako. Tafuta jina hata moja pale. Hakuna.

Majina. Hii ndiyo kitu inanikera kuliko damu, nisema ukweli.

Roosevelt hakuwa mchoyo kabisa. Kitabuni anawataja wabeba bunduki wake: Muhamed, Bakari, baadaye Gouvimali na Kongoni. Anawasifu. Lakini Bakari nani? Wa wapi? Alikuwa na mke? Alizikwa wapi? Kitabu kiko kimya, na yule mlowezi mwenye shamba ana jina, eneo la shamba, hata urefu wa shamba kwa maili. Miaka arobaini baadaye mwandishi mwingine wa Marekani, Robert Ruark, akaja kuwinda na Harry Selby, akaandika kitabu kizima ambacho nyati ndiye roho yake. Mbeba bunduki mmoja humo anaitwa Kidogo. Basi. Mtu mzima, fundi wa kazi yake, amebaki kwenye historia kama kipimo cha sukari.

Na fundi si neno la kubembeleza. Fikiria kazi yenyewe. Mfuata nyayo yuko mbele, mara nyingi bila bunduki, macho chini. Anasoma kwato: huyu ni dume mzee anatembea peke yake, huyu ana mguu mbaya. Anagusa kinyesi kujua ni cha asubuhi ama cha jana. Anatingisha kifuko cha majivu kuona upepo unaelekea wapi, kwa sababu nyati akikunusa mchezo umeisha. Anasikiliza wale ndege wanaokula kupe mgongoni. Wakiruka ghafla, nyati yuko mita chache. Mbeba bunduki yuko nyuma ya bwana na bunduki ya pili, iliyojaa, isiyo yake. Kazi yake ni kusimama. Nyati akija mbio, bwana anaweza kukosa, anaweza kukimbia, lakini mbeba bunduki akikimbia na bunduki wote wamekwisha. Hiyo ni akili na ni ujasiri, na mshahara wake haukuwa hata robo ya sifa za yule aliyevuta kidole.

Jioni kulikuwa na mioto miwili kambini. Mmoja mbele ya hema la wageni, wa whisky na kupima pembe kwa inchi. Kupima hakukuwa mchezo: kampuni ya Rowland Ward ya London ilikuwa na kitabu cha rekodi tangu 1892, na pembe zako zikiwa ndefu vya kutosha, jina lako linaingia. Hapo ndipo wawindaji waliambiana jinsi nyati alivyokuja, hatua ngapi, risasi ipi ilimwangusha. Kila mara hatua zilipungua. Mwaka 1934 wawindaji wa kulipwa wa Nairobi walikutana Norfolk Hotel wakaunda chama chao, East African Professional Hunters' Association, na rais wao wa kwanza akawa Philip Percival, aliyekuwa amemwongoza Hemingway. Kilikuwa chama cha watu wa kujuana: wenyewe kwa wenyewe, hadithi zao, sheria zao.

Moto wa pili ulikuwa wa wapagazi. Huko kulikuwa na nyama, maana nyati mmoja analisha kambi, na kulikuwa na story pia. Siamini hata kidogo kwamba story za huko zilikuwa chache ama mbaya. Tofauti ni kwamba hakukuwa na Scribner's. Na utani wao ulivuja: Kermit aliitwa Bwana Maridadi, na Roosevelt mwenyewe magazeti yaliripoti aliitwa Bwana Tumbo. Hata maneno yetu yalienda na hao wageni. Mwindaji wa Texas leo anamwita nyati "mbogo" kwa Kiingereza chake, na "safari" iko kila mahali. Neno lilipata pasipoti, mwenye neno akabaki stesheni.

Halafu kuna wale waliowinda bila leseni. Wakamba walikuwa na sumu ya mishale iliyojulikana pande zote. Wawata wa nyuma ya pwani, ambao serikali iliwaita Waliangulu, walikuwa na upinde mkubwa wa kumwangusha ndovu, na mishale yao ilikuwa na alama ya mwenyewe. Sheria za kikoloni ziliwageuza wote kuwa majangili. Kati ya 1956 na 1957 David Sheldrick na wenzake wa Tsavo waliendesha kampeni kali, na zile alama za mishale zikawa ushahidi. Mwindaji wao maarufu alikuwa Galogalo Kafonde. Ona maajabu: huyu tunamjua jina la kwanza na la pili. Ukibeba bunduki ya mzungu unaandikwa Kidogo. Ukitafutwa na polisi, majina yako yote yanapatikana.

Najua kuna mtu anangoja niseme uwindaji urudi, ama nilaani kila aliyewahi kushika bunduki. Mei 1977 serikali ya Mzee Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji, na 1978 biashara ya pembe na ngozi ikafungwa. Ujangili wa ndovu ulikuwa umepita kiasi. Chama cha Norfolk kikavunjika mwaka huo huo wa 1977, wanachama wakahamia kwingine, wengine Sudan, wengine Botswana. Wangeweza kuhama. Mfuata nyayo wa Kibwezi alihamia wapi? Kazi yake iliisha, na ujuzi wake ukawa kitu cha kumtilia shaka, kwa sababu mtu anayejua kusoma kwato nje ya mbuga sasa ni mshukiwa tu.

Na wanyama je? Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake, wa 2016, ulionyesha wanyamapori wa nyanda zetu walipungua kwa takriban asilimia 68 tangu 1977. Kwa hivyo wanaosema marufuku iliokoa kila kitu wanadanganya, na wanaosema bunduki za watalii zingeokoa wana kazi ya kueleza ua, mashamba, ukame na mifugo. Msimamo wangu: marufuku ibaki. Siamini kwamba tukifungua leo, leseni zitamfikia mtu wa Makueni kabla ya kumfikia mtu mwenye rafiki ofisini. Lakini nataka Kenya ikiuza "Big Five" kwa watalii, na kuwachapisha kwenye noti zilizotoka 2019, ikumbuke hiyo orodha ilitungwa na wawindaji. Ni wanyama watano walioonekana hatari zaidi kuwindwa kwa miguu. Nyati hajaingia hapo kwa urembo. Na hao miguu wa mbele walikuwa wetu.

Kwa hivyo kabla hujafunga hii, ulizia nyumbani. Kama guka wako, umau ama kwara alibeba mzigo, alifuata nyayo ama alishika bunduki ya pili kwa safari yoyote kabla ya 1977, niandikie jina lake kamili, la baba yake na kijiji chake. Nimeanza orodha. Sai ina majina manne.