Umbali na Motokari katika Historia ya Lubumbashi

Je, mtu aweza kuishi bila kuwa na motokari yake? Huko Ulaya na Marekani swali hili huulizwa na watu wanaofikiria kuliacha gari walilo nalo. Kwetu Lubumbashi halina budi kugeuzwa: walio wengi hawakupata kuwa na motokari hata siku moja, nao wameishi. Linalofaa kuchunguzwa ni kwa gharama gani, na ni nani aliyeuweka mwendo wanaopaswa kwenda kila siku.

Mji huu haukuletwa na barabara. Uliletwa na reli. Gari la moshi la kwanza lilifika kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoasisiwa kwa jina la Elisabethville, na mwaka 1911 tanuru la Union Minière likaanza kuyeyusha shaba. Kabla ya hapo mzigo ulikwenda kichwani na mabegani mwa mpagazi, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo katika sehemu kubwa ya nchi. Upagazi wenyewe haukukoma mara moja: mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoielekea Tabora, ulirudi kwa ukali upande wa mashariki.

Kampuni ilihitaji wafanyakazi karibu na tanuru, ikawajengea kambi kando yake. Hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoanza kuwaweka kazini kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao, kambini palikuwa na nyumba, posho, matibabu na shule, vyote katika mwendo wa miguu. Mwanakambi hakuhitaji motokari. Hata hivyo tusiusifu mpango huo kupita kiasi. Ukaribu ule ulikuwa pia ulinzi, maana anayelala mlangoni pa kazi huonekana kila anapotoka.

Waafrika wasio wa kampuni waliwekwa kwingine. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika utawala uliacha ukanda mtupu, kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Mpishi, dobi na karani waliuvuka alfajiri, wakarudi kabla ya saa ya marufuku ya usiku. (Ni watu wa namna hiyo, watumishi wa nyumbani wa zamani, ambao mwaka 1965 walitoa historia ya mji huu kwa Kiswahili chini ya jina la André Yav, matini hayo, ambayo wasomaji wa jarida hili wanayafahamu, ni historia ya waenda kwa miguu.) Hapa ndipo, kwa maoni yetu, tatizo lilipozaliwa. Umbali haukutokea wenyewe mji ulipokua, uliamriwa. Kila mtaa mpya ukazidisha hatua: Kamalondo katika miaka ya 1920, kisha Kenya, na katika miaka ya 1950 Katuba na Ruashi, huu wa mwisho ukiwa mbali kabisa, upande wa uwanja wa ndege wa Luano.

Ndipo kinga ilipopata heshima. Mgeni aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni husikia neno hili akadhani ni ulinzi. Huku kwetu ni baiskeli. Aliyenunua kinga alijinunulia usingizi wa asubuhi, tena alipata chombo cha biashara. Hata leo makala yanayopikia mji hutoka porini juu ya kinga, magunia yamefungwa marefu kuliko mwendeshaji, naye akisukuma zaidi kuliko kupanda. Huko Kasai wachuuzi waitwao bayanda hufanya vivyo hivyo kwa safari za siku nyingi, na Goma wana chukudu yao ya mbao. Nchi ambayo hesabu rasmi inaipa kilometa 152,400 za barabara imelishwa kwa sehemu kubwa na watu wanaosukuma.

Kambi nayo ilivunjika. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, mishahara ya Gécamines ikachelewa miezi kwa miezi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mkupuo. Waliokuwa na kila kitu mlangoni wakaanza kutafuta riziki mjini kote, kwa miguu au kwa taksi-basi. Nauli ikawa jambo la kuamuliwa pamoja na unga: mama anayeuza mboga huhesabu kwanza kama faida ya siku itaizidi nauli ya kwenda na kurudi.

Basi jibu letu ni kwamba mtu huishi bila motokari yake, lakini haishi vema bila motokari ya mtu yeyote. Mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku huko Ruashi hahitaji kumiliki gari. Ahitaji moja lipite, au zahanati iwe karibu. Wanaodhani kwamba maendeleo ni kila nyumba kupata gari lake wanaacha lile lililoamriwa zamani bila kuguswa. Na jambo hilo linaendelea: pembezoni, katika komini ya Annexe, viwanja vinazidi kukatwa mbali na soko na shule, wala hakuna anayeulizwa watoto watafikaje darasani.