Ukwatuaji: kuondoa mikwaruzo kwenye rangi ya gari

Kiangazi cha Ufipa kina upepo na vumbi. Gari lililotoka Msanzi, wilayani Kalambo, kwa barabara za udongo hufika Sumbawanga mjini likiwa limefunikwa vumbi kuanzia boneti hadi buti, na mwenyewe hushika kitambaa kikavu akalifuta palepale. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga ngumu kiasi cha kukwaruza kioo. Kila anapofuta, chembe hizo huchora mistari myembamba kwenye rangi. Kivulini haionekani, lakini jua likiipiga, hasa kwenye gari jeusi au la buluu, hujitokeza mamia ya nyuzi zilizozunguka mng'ao wa jua. Ongeza mihindi na vichaka vinavyosugua milango kwenye njia nyembamba za mashambani, na utaelewa kwa nini magari ya huku huzeeka sura kabla ya injini.

Mwenye gari akiuliza dawa, jibu atakalopewa karibu kila mahali ni moja: "Piga polishi." Neno polishi tumelizoea kwenye viatu, sakafu na samani, na huko kote lina maana ya kupaka kitu ili kitu kingine king'ae. Anayeanza kazi ya rangi ya gari huja na maana hiyo kichwani. Hudhani kwamba ile dawa nzito ya kwenye kopo inaongeza kitu juu ya gari, na kwamba akizidisha hapotezi chochote. Ukweli ni kinyume chake. Mkwaruzo hauondoki kwa kuongeza, unaondoka kwa kupunguza. Mtu asiyelijua hilo anaweza kuharibu rangi ya kiwandani kwa dakika chache.

Kiswahili kina kitenzi kinachoifaa kazi hii: kukwatua. Waliosugua sufuria na vyombo vya shaba kwa mchanga mpaka vikang'aa walikuwa wakivikwatua, na mng'ao wa vyombo hivyo ulitokana na kuondoa tabaka la juu lililochakaa. Napendekeza basi tuiite kazi hii ukwatuaji wa rangi, na mwenye kuifanya mkwatuaji. Polishi libaki jina la dawa ya mwisho inayotia mng'ao.

Ili kuona kwa nini neno hilo linafaa, tuangalie kilichomo juu ya bati la gari. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yana matabaka kadhaa: rangi ya kuzuia kutu iliyoshika bati, rangi ya msingi, rangi yenyewe unayoiona, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi hulitaja kwa kifupi kuwa klia. Yote kwa pamoja, unene wake kwa kawaida ni kati ya maikroni 100 na 150, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Klia peke yake mara nyingi ina maikroni 35 hadi 50, yaani haifikii unene wa unywele wa kawaida wa kichwani. Mikwaruzo ya vumbi hukaa ndani ya klia hiyo. Ukwatuaji ni kushusha uso wa klia polepole mpaka ulingane na kina cha mkwaruzo. Kingo za mstari zikiisha, mwanga haupati pa kutawanyikia, na jicho haliuoni tena.

Papo hapo kuna kazi nyingine inayofanana kwa macho, nayo ni kufukia. Nta na baadhi ya dawa zenye mafuta huingia kwenye mistari na kuificha. Gari hung'aa siku ile, kisha baada ya kuoshwa mara kadhaa mistari hurudi. Mkulima wa Ufipa anaijua tofauti hii shambani: anayetengeneza matuta ya intumba hukusanya majani na kuyafukia chini ya udongo, ilhali anayekwatua hupitisha jembe juujuu na kuyaondoa. Kufukia si udanganyifu mradi mteja ameambiwa, na kwa gari ambalo klia yake imeshakonda kunaweza kuwa ndiyo busara. Ila kazi mbili zenye matokeo tofauti zinahitaji majina mawili.

Neno lisaidie pia kuonyesha mpaka wa kazi. Pitisha ukucha juu ya mstari kwa upole. Ukipita bila kukwama, kuna uwezekano mkubwa mkwaruzo umo ndani ya klia na utakwatuka. Ukikwama, huenda mwiba au ukuta umechimba zaidi, na ukionekana weupe au kijivu cha rangi ya msingi, hakuna mashine itakayouondoa. Hapo ni kazi ya fundi rangi, kwa msasa na rangi mpya. Yapo pia magari yasiyo na klia kabisa. Rangi nyeupe ya Toyota yenye namba 040, iliyo kwenye magari mengi yaliyotoka Japani, kwa kawaida haina. Hiyo nayo hukwatuliwa, lakini sponji ya mashine itabeba weupe, na anayeanza asishtuke. Gari jekundu au la buluu likiacha rangi kwenye sponji, simama kwanza: ama halina klia, ama klia imekwisha.

Sasa mashine. Zipo aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mzunguko mmoja, ambayo sahani yake huzunguka kwenye mhimili wake tu. Hukata upesi, lakini joto hujikusanya mahali pamoja na rangi huungua. Ya pili naiita mashine ya mizunguko miwili: sahani huzunguka na papo hapo mhimili wake huyumba, hivyo hakuna nukta moja inayosuguliwa mfululizo. Ukiikandamiza kupita kiasi, sahani huacha kuzunguka badala ya kuchimba. Anayeanza aanze na hii. Na asishawishike kufunga sufu ya kukwatulia kwenye grenda ya kukatia vyuma: grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya kukwatulia ya mzunguko mmoja hufanya kazi kati ya mara 600 na 3,000.

Mpangilio wa kazi si mgumu, lakini hauna njia ya mkato. Osha gari kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu chembe moja iliyobaki chini ya sponji itachora mikwaruzo mipya. Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Huku juu, penye baridi ya asubuhi, hilo si tatizo; saa sita mchana ni jambo jingine. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo na mikunjo ya bodi, maana hapo ndipo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine. Chagua sehemu ya majaribio yenye upana wa kama sentimita 50, uanze na sponji laini na dawa isiyo kali. Pitisha mashine taratibu, kwanza kwa mlalo kisha kwa wima, mipito minne hadi sita. Futa mabaki kwa spiriti iliyochanganywa na maji, ili mafuta ya dawa yasikufiche ukweli, kisha mulika kwa tochi. Mikwaruzo ikiwa ingalipo, ndipo upande daraja moja la ukali, si mawili. Ukipata mchanganyiko unaotosha kwenye sehemu hiyo ndogo, endelea nao gari zima.

Klia iliyokwatuliwa haioti tena. Kila mkwatuo ni matumizi ya akiba ambayo kiwanda kiliitia mara moja tu, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua kali la nyanda hizi zenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Kwa hiyo mkwatuaji mzuri huacha mstari mmoja au miwili iliyozama, akijua gharama ya kuifuata. Baada ya hapo hupaka nta na kumshauri mwenye gari asifute vumbi kavukavu tena.

Mteja naye ana haki ya kujua anachokilipia. Kabla ya kukabidhi ufunguo, amuulize fundi maswali matatu: utakwatua au utafukia, rangi hii iliwahi kupigwa upya, na utaanzia kujaribu wapi? Fundi anayeyajibu bila kusita anastahili kukabidhiwa gari.