Madoa kwenye picha: ni vumbi au mafuta? Chunguza kabla hujaigusa sensa

Wadau, hii ni ya wale wanaokula kwa kamera, na wale wanaojichanga kununua ya mtumba.

Umepiga harusi ufukweni, anga safi kabisa. Unafungua picha kwenye kompyuta, unaona kidoa cheusi juu ya kichwa cha bwana harusi. Picha ya pili kipo palepale. Ya tatu palepale. Unafuta lenzi na fulana, unapiga tena, kidoa hakijabanduka. Studio ndo balaa zaidi: picha za pasipoti, pazia jeupe, zote zina alama ileile sehemu ileile, na mteja anataka hela yake.

Kwanza tuelewane, doa hilo haliko mbele ya lenzi. Vumbi la huko likiwa dogo halionekani kabisa, na likiwa jingi linafanya picha ikose ung'avu tu. Doa linalokaa sehemu moja hata ukibadilisha lenzi liko ndani, kwenye sensa. (Siyo sensa ya kuhesabu watu jamani!) Ni kile kibamba kinachopokea mwanga, kilichochukua nafasi ya filamu. Enzi za filamu kila picha ilipata kipande kipya, vumbi likaondoka nacho. Sensa ni ileile tangu picha ya kwanza mpaka kamera ife. Na kwa kweli uchafu haukai juu ya sensa yenyewe, unakaa kwenye kioo chembamba kilichowekwa mbele yake. Hicho ndicho unachosafisha, na hicho ndicho unachokwaruza ukikurupuka.

Watu wanauliza, mbona mwaka mzima sikuliona? Jibu ni tundu la lenzi, zile namba za f. Weka kidole karibu na ukuta chini ya taa ya tyubu, kivuli chake kinafifia. Mulika kidole hichohicho na tochi ndogo, kivuli kinakuwa kikali. Ndani ya kamera ni hivyohivyo. Kwenye f/2.8 au f/4 mwanga unaifikia sensa kutoka pande nyingi, kivuli cha vumbi kinayeyuka. Kwenye f/16 au f/22 mwanga unapita katundu kadogo, kivuli kinasimama. Anayepiga ukumbini usiku anaweza kukaa na uchafu miezi bila habari, akienda ufukweni mchana ndo anaumbuka.

Jaribio lake ni la bure. Weka ISO 100, tundu f/22, ondoa fokasi otomatiki na vuruga fokasi makusudi, kisha piga karatasi nyeupe au anga lisilo na wingu, na ongeza mwanga kidogo picha iwe nyeupe. Kama unapiga karatasi, tikisa kamera shata ikiwa wazi, ili chembe za karatasi zifutike. Usiogope, madoa ya sensa hayatikisiki, yanakwenda pamoja na kamera. Fungua picha kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili, pandisha kontrasti, pita kona kwa kona.

Sasa soma unachokiona. Vumbi kavu hutoa vidoa vidogo vyenye umbo lolote, au uzi uliojikunja. Mafuta hutoa kiduara laini, mara nyingi katikati pamefifia na pembeni pana mzingo. Vumbi linahama ukipuliza. Mafuta hayahami, na ukiyafuta makavu unayasambaza. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanatibu mafuta kama vumbi.

Lakini mafuta yanatoka wapi wakati hujayapaka? Mara nyingi kwenye shata. Mapazia yake yanafunguka na kufunga kwa kasi kubwa, mitambo yake ina vilainishi, na matone madogo yanaweza kurukia kioo cha sensa, hasa kamera ikiwa mpya. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Nikon D600, iliyotoka Septemba 2012, kamera ya megapikseli 24 yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 36 kwa 24. Haikuchukua muda watu wakaanza kulalamika kuhusu madoa, hasa upande wa juu kushoto wa picha. Oktoba mwaka huohuo Lensrentals, kampuni ya Marekani inayokodisha kamera, nayo ikaandika kwamba inayaona kwenye kamera zake. Hawa wanasafisha sensa kila siku, kwa hiyo ile hoja ya "mmebadilisha lenzi kwenye vumbi" ikakosa miguu.

Februari 2013 Nikon ilitoa tangazo: safisha kwa kupuliza kama kitabu kinavyoelekeza, ikishindikana peleka kwa mafundi wake. Oktoba 2013 ikatoa D610, karibu kamera ileile ila ina shata mpya. Mwenye D600 alijisikiaje, jijazie mwenyewe. Februari 2014 ndo kampuni ikakubali kukagua, kusafisha na kubadilisha shata za D600 bure, hata kama waranti imeisha. Mwezi uliofuata, 15 Machi, siku ya haki za walaji, televisheni ya taifa ya China ikalirusha suala hilo hewani, na mamlaka ya Shanghai ikaamuru D600 isiuzwe tena. Mwaka mmoja na nusu wa kubishana kuhusu vidoa! Kilichowabeba wale watumiaji ni picha za majaribio kama hiyo niliyoeleza, zilizopigwa moja baada ya nyingine, madoa yakionekana yanaongezeka. Kwa hiyo picha zako za majaribio zitunze na tarehe zake. Ukisafisha halafu mafuta yakarudi baada ya picha mia chache, tatizo siyo uchafu wako, ni kamera.

Kusafisha sasa. Betri iwe imejaa, hili halina mjadala: ikizima katikati, kioo na shata vinakuangukia kwenye kifaa. Chagua kwenye menyu sehemu ya kusafisha sensa kwa mkono, kioo kinapanda na kukaa juu. Elekeza mdomo wa kamera chini, puliza kwa kipuliza cha mpira. Kile cha duka la dawa cha kunyonya kamasi za watoto kinafanya kazi, ila kiminye mara nyingi nje kwanza maana vingine vina ungaunga ndani. Usipulize kwa mdomo, utatema mate. Usitumie hewa ya kopo, inaweza kurusha kimiminika. Kamera nyingi zinajitikisa zenyewe kuangusha vumbi, Olympus E-1 ya 2003 ikiwa ya kwanza, lakini mtikiso huo hauondoi mafuta.

Mafuta yanataka kijiti bapa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye upana wa sensa yako (milimita 24 kwa sensa kubwa, karibu 16 kwa zile ndogo), na matone mawili matatu ya dawa yake. Vuta mara moja upande hadi upande, geuza, rudi mara moja, tupa. Kisirudiwe. Mafuta sugu yanakula vijiti viwili vitatu. Dawa nyingi ni methanoli, ni sumu na inashika moto, weka mbali na watoto. Pamba za masikioni na spiriti, hapana. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha ndo usithubutu kabisa.

Kumbuka pia picha inaingia juu chini: doa la juu kushoto kwenye picha, ukiitazama kamera kwa mbele, liko chini kushoto.

Huna kijiti na kazi ni kesho? Piga kwenye f/5.6, vidoa vilivyobaki vifute na GIMP, ni programu ya bure na ina zana ya kuponyesha madoa.

Na ukienda kununua ya mtumba, jaribio la f/22 lifanye palepale dukani kabla hela haijatoka mfukoni. Kama muuzaji hataki kabisa uipigishe kamera ukutani, rudisha hela mfukoni. Ukikuta vumbi, bishana bei. Ukikuta viduara vya mafuta vimejaa kona moja, omba aisafishe mbele yako, kisha piga picha mia mbili hivi na urudie jaribio.