Mwezi 12 Mfunguo Sita

Ndugu Waislamu, kwa kauli iliyo mashuhuri, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alizaliwa Makka siku ya Jumatatu, mwezi 12 Mfunguo Sita, Mwaka wa Ndovu. Tarehe ile ile, mwaka wa kuhama (622), aliwasili Kubaa, karibu na Madina. Na tarehe ile ile, mwaka wa 11 wa Hijra (632), alifariki dunia.

Siku ya msiba ule Sayyidna Umar hakukubali kwamba Mtume amekufa. Akasimama Sayyidna Abubakar, akawakumbusha watu kuwa Muhammad amefariki, lakini Mwenyezi Mungu yu hai, hafi.

Basi tusomapo Maulidi kwa furaha, tukumbuke kuwa tarehe hiyo hiyo dini ilibaki amana mikononi mwa umma wake.