Mpira Uliolala

Ukienda leo kutafuta mpira wa mlango wa Peugeot 504, muuza spea atakukatia kipande cha mpira wa mita, nawe utafanya afanyavyo kila mteja: utaubonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyea na kurudi, unalipa. Kipimo hicho si cha uongo, ila kinapima jambo moja tu, ugumu wa mpira saa ileile, pale kaunta. Hakikuambii utakuwaje baada ya kubanwa mwaka mzima kati ya mlango na fremu, gari likishinda juani Mombasa au Morogoro. Watengenezaji wa mpira wana istilahi ya jambo hilo la pili. Kwa Kiingereza huitwa compression set, na ndiyo inayoamua kama ulichonunua ni kibadala au ni hasara nyingine.

Maana yake si ngumu. Mpira ukibanwa kwa muda mrefu, hasa penye joto, kisha ukaachiwa, haurudi wote kwenye unene wake wa kwanza. Ile sehemu isiyorudi ndiyo inayopimwa. Kiwango cha Marekani cha ASTM D395 kinaeleza namna: kipande hubanwa mpaka kipungue robo ya unene wake, hutiwa kwenye joto lililochaguliwa, tuseme nyuzi 70 za Selsiasi, kwa saa 22 au 70, kisha huachiwa na kupumzishwa dakika 30 kabla ya kupimwa. Chukua kipande cha milimita 10 kilichobanwa hadi 7.5. Kikiachiwa kikarudi hadi 9.5, basi katika milimita 2.5 kilizobanwa kimepoteza nusu milimita, yaani asilimia 20. Sifuri ina maana kimerudi chote. Asilimia 100 ina maana kimebaki palepale kilipobanwa, na hapo hakizuii tena maji wala vumbi hata kama mkononi bado ni laini.

Kuigeuza istilahi hii kuwa ya Kiswahili kuna mitego. Neno la Kiingereza lenyewe lina maana chungu nzima, na mtu akisema "seti ya mbano" msomaji atadhani ni boksi la vifaa. "Ubonyeo wa kudumu" ni sahihi na ungefaa kitabuni, lakini sijui fundi atakayeutamka akiwa chini ya gari. Fizikia ya shule imetupatia unyumbufu, uwezo wa kitu kuvutwa au kubanwa na kurudi kilivyokuwa, na mtu angeweza kusema tu kwamba mpira umepoteza unyumbufu. Haitoshi. Mpira uliokauka ukawa kama mkaa nao umepoteza unyumbufu, na huo ni ugonjwa mwingine.

Lakini gari likiinama nyuma, watu husema springi zimelala. Chuma kimebanwa miaka, hakikurudi, kimelala. Ndiyo maana yenyewe hasa, na napendekeza tuihamishie kwenye mpira: mpira wa mlango umelala, kiwango chake cha kulala ni asilimia 20. Nilifikiria nomino fupi zaidi, ila ulalo na mlalo vimeshachukuliwa na walimu wa hisabati, mmoja ukiwa mstari wa pembe hadi pembe na mwingine mstari usiopanda wala kushuka. Basi kibaki kulala.

Faida ya kitenzi hiki ni kwamba kinakaa vizuri pamoja na vingine ambavyo gereji tayari inavyo. Mpira umekauka: mafuta yaliyochanganywa humo ili kuulainisha yametoka, na ozoni ya hewani imeupasua nyufa. Hozi imevimba: imekunywa kimiminika kisicho chake. Bushi imekatika: imechoka kwa kusokotwa. Mpira umelala: umebanwa kwenye joto mpaka ukazoea. Magonjwa manne, na kila mmoja una kibadala chake. Anayesema "mpira umeisha" kwa yote manne atauziwa chochote.

Kwa nini mpira huzoea? Utomvu mbichi hauna faida kubwa kwenye gari. Joto huunyong'onyeza, baridi huukakamaza. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba ukiuivisha pamoja na salfa unatulia. Salfa huzifunga nyuzi ndefu za mpira moja kwa nyingine, na vifungo hivyo ndivyo vinavyozivuta zirudi mahali pake. Tatizo ni kwamba vifungo vyenye mlolongo mrefu wa salfa ni dhaifu. Kwenye joto hukatika na kujifunga upya, na vikijifunga upya wakati mpira umebanwa, vinaanza kulitetea umbo lile la kubanwa. Ukiuachia, vifungo vya zamani vinavuta kurudi na vipya vinavuta kubaki. Mpira ulioivishwa kwa peroksidi hufungwa na vifungo vya kaboni kwa kaboni, ambavyo ni imara zaidi, kwa hiyo hulala kidogo. Ndiyo sababu vipande viwili vya mpira wa sintetiki wa EPDM, vyenye ugumu uleule wa 60 kwenye kipimo cha Shore A, vinaweza kufanana kabisa chini ya kidole gumba na kuachana mbali baada ya msimu mmoja wa joto.

Wapenda magari ya zamani, hasa wale wanaopeleka magari kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Racecourse, Nairobi, hupenda kuwinda mpira wa kiwandani uliobaki ndani ya boksi lake tangu miaka ya 1970. Kwa taa au nembo, sawa. Kwa mpira, mimi nisingetoa hela. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2230, kinachohusu uhifadhi wa mpira ambao haujafungwa popote, kinaupa mpira wa asili miaka 5 ya mwanzo stoo, nitrili 7, EPDM na silikoni 10, kisha nyongeza fupi baada ya kukaguliwa. Boksi lenye nembo ya kiwanda halisimamishi kemia. Kama mpira huo ulikunjwa humo miaka yote hiyo, umelala ukiwa umekunjwa.

Njia inayobaki ni kibadala, na kwa milango habari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. 504 ilizaliwa mwaka 1968, Peugeot ikaacha kutengeneza sedani yake Ulaya mwaka 1983, na Kenya ikaendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye. Lakini mpira wa mlango wake haukuwa na siri yoyote. Kinachotakiwa ni sura ya mkato na unene. Usipime mpira wa zamani, kwa sababu umelala na utakudanganya. Pima nafasi. Bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto kwenye fremu, sehemu nyingi kuzunguka mlango, funga mlango, fungua, kisha pima unene wa kila kidonge. Utashangaa nafasi inavyotofautiana juu na chini, hasa kwa gari lililowahi kugongwa. Chagua mpira wa sponji wa EPDM unaozidi nafasi hiyo kiasi cha kubanwa bila kupondwa. Mpira mnene kupita kiasi haufungi vizuri zaidi. Unaulazimisha mlango upigwe kwa nguvu, na kwa kuwa umebanwa sana, nao utalala upesi.

Kabla ya kununua mita nyingi, nunua kipande kidogo ukijaribu. Bamba mbili za chuma, bolti nne, na vipande vya chuma vya kuzuia bamba zisikutane kabisa, vinatosha. Pima unene kwa venia, bana robo, tia ndani ya ovni ya jikoni kwenye nyuzi 70 usiku kucha hadi mchana, achia, subiri nusu saa, pima tena. Haitakuwa maabara, lakini itatenganisha mpira na takataka. Kikilala zaidi ya asilimia 40 mimi nakirudisha, hata muuzaji akinuna. Kwa sponji ya bei rahisi sana, kurudisha ni jambo la kawaida.

Vimiminika nivipitie haraka, maana hapo kosa huonekana mapema. EPDM inastahimili jua, mvua na mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, lakini oili ya injini huivimbisha. Nitrili inastahimili oili na petroli, na haifai kwenye breki hizo. Citroën DS inafundisha zaidi ya gari lolote: mpaka mwaka 1966 ilitumia kimiminika chekundu cha LHS, kisha ikahamia LHM ya kijani, ambayo asili yake ni mafuta ya madini, na sili zake zikabadilishwa zote. Ukichanganya, sili zinaharibika, na katika gari ambalo breki, usukani na springi hutegemea presha ya kimiminika hicho hicho, hutabaki na cha kukusaidia.

Bushi ndizo zinazoonyesha mpaka wa istilahi yetu. Land Rover za Series, zilizotengenezwa hadi mwaka 1985, zina springi ndefu za vyuma bapa, na kwenye macho ya springi hizo hukaa bushi za bomba la nje, bomba la ndani, na mpira ulioshikana na chuma katikati. Waingereza wengi huziita Metalastik, kwa jina la kiwanda cha Leicester. Wafaransa husema silentbloc. Hapa mpira haulali tu, unasokotwa. Bushi hizi hazizunguki kwenye bolti. Springi ikicheza, mpira wenyewe ndio unaojipinda na kurudi. Fundi akikaza nati gari likiwa juu ya jeki, springi zikining'inia, bushi hukazwa katika pozi ambalo gari halitakuwa nalo tena. Likishushwa, mpira unabaki umesokotwa saa zote, hata likilala gereji, na unachanika mapema. Lawama humwangukia muuza spea.

Wakerezaji wetu hutengeneza bushi kutokana na tairi kuukuu la lori, na kwa springi za nyuma za gari la shamba linalokwenda polepole sioni ubaya. Kwenye mkono unaoshika gurudumu la mbele nisingekubali: mpira wa tairi umeundwa kustahimili kusuguliwa, mara nyingi una tabaka za nyuzi ndani yake, na haujashikana na chuma chochote. Bushi za poliurethani ni kibadala cha aina nyingine tena. Ni ngumu zaidi, haziathiriwi sana na oili, na nyingi hazisokotwi, bali huteleza juu ya bomba la ndani. Ndiyo maana zinahitaji grisi na hulia zikikauka, na hizo unaweza kuzikaza gari likiwa juu ya jeki.